Kanzu ya Tisa

Nyamirambo, Kigali
Alhamisi, baada ya swala ya alasiri

Mwanangu Mwajuma,

Nimekaa na kalamu tangu adhuhuri na bado sijavuka mstari wa salamu. Barua zote nilizowahi kuandika zilianza kwa salamu ya Kiislamu, na mkono uliiandika wenyewe bila kuniuliza. Leo umesimama. Sijui kama nikikusalimu hivyo utaitikia, na nikijaribu salamu ya wenzako wa kanisa la Kimisagara najua kalamu itanigomea. Basi nakusalimu kama baba yako. Hujambo, mwanangu? Mimi mzima wa mwili, ila tangu Jumapili akili zangu hazijanirudia zote.

Kesho asubuhi unapanda basi kwenda shule ya wakunga. Mambo ya blanketi, ndoo, sabuni na watu wa kuwaepuka njiani atakuambia shangazi yako, ambaye ameanza kukuambia tangu juzi na hatamaliza mpaka basi liondoke. Mimi nina jambo moja tu. Nilipaswa kulisema kwa mdomo Jumapili ileile, uliposimama mlangoni pa duka nywele bado zimelowa, ukaniuliza, "Baba, ulikuja kunizuia?" Nikashika mkasi nikajifanya nakata. Hapakuwa na kitambaa chochote mezani, nawe uliona.

Sasa nimefunga nusu ya mlango wa duka na nimemwambia kila anayepita kwamba cherehani imeharibika. Nitakueleza kila kitu tangu mwanzo, na yale yasiyonipendeza sitayaruka.

Wiki tatu kabla ya Jumapili ile, mchungaji wako aliingia dukani. Sikujua kuwa ni wako. Kwangu alikuwa mteja mwenye viatu vya tope na adabu nyingi.

"Fundi, nataka makanzu kumi na mbili, nyeupe," alisema. "Ya batizo. Vipimo iko hapa. Mama moja wa kanisa amepima watu yote."

Unanijua. Mafundi wengi wa mtaa wetu hawagusi kazi za makanisa, na mimi nimewacheka miaka yote. Nimeshona majoho ya mapadri, nimeshona sare za kwaya, na kila walipochukia niliwaambia kitambaa hakina dini. Nilipenda sana kusema hivyo. Nilikuwa nalisema huku nimetazama pembeni, kama mtu asiyejali. Basi nilichukua ile karatasi, nikafungua jora la pamba nyeupe, nikaanza kukata.

Karatasi haikuwa na majina, ila namba, kuanzia moja hadi kumi na mbili. Kila namba na kifua chake, mabega, urefu na mkono wa kanzu. Nilikata nane nikiwa nasikiliza redio. Namba tisa ilikuwa na vipimo viwili vya mkono, kimoja cha kulia na kimoja cha kushoto, na cha kushoto kilikuwa kifupi kwa vidole viwili.

Nilizima redio. Nikajiambia Kigali ni kubwa, na watu wenye mikono isiyolingana hawakosekani. Kisha nikafungua daftari langu la vipimo, nikatafuta ukurasa wako. Mabega yale. Urefu ule. Mwajuma, nakushonea tangu ukiwa mchanga, naujua mwili wako kwa sentimita kuliko ninavyoujua wangu. Mama yule wa kanisa angeandika jina lako kwa herufi kubwa nisingeshtuka zaidi. Mteja aliingia, akasema anataka kupunguziwa suruali, nikamtazama mpaka akaogopa akatoka.

Miezi minane ulikuwa ukiniambia unakwenda Kimisagara kwa rafiki yako kujifunza kufuma. Nami nikajisifu kwa watu, eti binti yangu anajifunza kufuma. Sikuwahi kuona hata soksi moja, na sikuuliza.

Utashangaa kwa nini siku ile sikukuita, nikakugombeza, nikafunga mlango. Shangazi yako angefanya hivyo kabla ya chai kuchemka. Mimi sikuweza, na sababu yake unaijua nusu tu.

Ulipofika miaka saba, shule nzuri zote zilikuwa mikononi mwa misheni, na mtoto mwenye jina kama lako alikuwa akisikia nafasi zimejaa. Nilizunguka miezi miwili. Mwishowe jirani yetu Verediyana, yule muuza unga wa mtama, akanicheka palepale kwenye mizani yake.

"Yewe Saidi," aliniambia, "sasa mutoto akose masomo juu ya maji kidogo? Nipe mimi huyo mutoto. Nitasema iko wa dada yangu. Padiri hatauliza mingi."

Nami nikakupeleka. Nilikushonea gauni jeupe kwa mikono hii. Nikakaa benchi la nyuma, kofia yangu nimeificha mfukoni. Padri alipouliza maswali yake, waliokuwepo wakaitikia, na mimi nikaitikia pamoja nao. Nilimkataa shetani kwa sauti kubwa huku nikidanganya ndani ya nyumba ya watu. Ukamwagiwa maji kichwani, ukapewa jina la Beatirisi, nami nikapata kikaratasi cha ubatizo cha kukuingiza shule. Njiani kurudi nyumbani nikatoa leso nikakuambia ujifute, ni maji tu, yatakauka kabla hatujafika.

Nilikuwa nimejiona mjanja sana. Nilikuwa nimepata shule bila kutoa chochote. Padri yule alikuwa mtu mwema, alikushika kichwa kama anashika yai, na mimi nilimtumia kama dirisha la ofisi. Leo nikikumbuka naona haya mpaka masikioni. Dini ya watu wengine ukiichezea hivyo, hata yako unaanza kuishika kwa vidole viwili. Hilo lilinitokea, na lilichukua miaka mingi kabla sijaliona.

Kwa hiyo nilipokiona kipimo chako, ningekuambia nini? Kwamba ubatizo ni dhambi? Mimi ndiye niliyekupeleka. Kwamba umenidanganya? Ulijifunza wapi?

Lakini hasira ilikuwepo, na haikutaka kusikia hesabu hizo. Usiku nilikuwa nasikia neno moja tu, lile ambalo watu wa kanisa lenu mnalisema njiani bila hata kupunguza sauti, kwamba mtu anazaliwa mara ya pili. Mara ya pili! Na ile ya kwanza ilikuwa na kasoro gani? Ile ya kwanza ilimchukua mama yako. Niliona kama umeirudisha dukani, ukasema haikukutosha, ukaomba nyingine. Hilo ndilo lililoniuma, si msalaba wala biblia.

Basi sikiliza nilichofanya. Nilipofika kukata mikono ya kanzu ya tisa, nilikata yote miwili sawasawa. Nilijua ninachofanya. Nilisema kwa sauti, mimi na kuta zangu: kama umezaliwa upya, basi na mkono wako uzaliwe upya. Nilitaka usimame mbele ya watu kitambaa kikiwa kimekufunika vidole, kama siku ile ya kwanza shuleni ulipovaa sare ya kununua na watoto wakakucheka ukarudi unalia. Niliishona, nikaipindia upindo, nikaitundika na nyingine. Baba yako alifanya hivyo. Nimekuandikia ili usije ukaniona mwema kuliko nilivyo.

Siku mbili kabla ya ubatizo mchungaji akaja kutazama kazi. Alifurahi, akashika kila kanzu kwa ncha za vidole. Nikamuuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, kwamba hivi mtu aliyekwisha kubatizwa utotoni mnambatiza tena kwa nini.

"Ile ya utoto alipewa, fundi," alisema. "Hii anaomba yeye mwenyewe. Sisi hatusemi ile ya padiri iko mbaya. Tunasema mtu ajue mahali anaingia."

"Na maji yanamfanya nini?"

"Maji? Maji haifanyi kitu. Maji iko kaburi. Yesu alikufa, akazikwa, akatoka. Na wewe unaingia chini, unamuachia Mungu yule mutu wa zamani, unatoka. Ni vile tu. Mutu hawezi kujizika, na hawezi kujizaa. Ni kwa sababu hiyo tunamushika."

Alisema kaburi kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anavyosema uzi au kifungo. Mimi nikatazama lile jora. Watu wa mtaa wetu wakifiwa huja kwangu, nawe unajua, nami hukata sanda kutoka pamba hiyohiyo. Mama yako nilimkatia mwenyewe, vipande vitano, kwenye meza hii. Sasa nilikuwa nimemkatia na binti yake nguo ya kaburini na nikaifanya vibaya kwa makusudi. Mchungaji alikuwa bado anazungumza. Nilikaa ghafla kwenye kigoda nikamwambia ni njaa.

Alipoondoka nilikumbuka jambo ambalo sijakuambia hata siku moja. Umekua ukijua kwamba mama yako Zena alifariki siku uliyozaliwa, na kwamba mkunga alikuvuta kwa bega kwa sababu ulikwama. Hilo kila mtu amekuambia, kwa kuwa bega lenyewe linaonekana. Hawakukuambia kwamba Zena aliishi saa nzima baada ya hapo, na alikuwa na akili zake zote. Waliniita ndani. Alikuwa amekulaza kifuani, anaugusa ule mkono uliolegea, anauinua na kuuachia, anauinua na kuuachia. Nilianza kulalamika juu ya mkunga. Akanikatiza.

"Wewe si fundi?" aliniambia. "Huyu utamshonea mkono mmoja mfupi. Basi."

Akacheka kidogo. Kisha damu ikaanza, wakanitoa nje. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, na nimeyaficha miaka kumi na minane kwa sababu nilikuwa naona ni yangu peke yangu. Yalikuwa yako. Alinituma kazi, nami niliifanya kwenye kila nguo niliyokushonea, ila moja.

Nikaitungua kanzu ya tisa. Nikaufumua ule upindo wa kushoto uzi kwa uzi, nikapunguza urefu wa vidole viwili, nikaupinda upya kwa mkono, si kwa cherehani. Nililia, na kitambaa cheupe hakifichi kitu, ikabidi nikifue.

Jumapili nilimwambia shangazi yako nakwenda kumwona mteja. Nikapata lifti ya lori la matofali mpaka Masaka, ambako mchungaji alisema mtabatizwa. Nilikuwa nimejiapia kwamba natazama kanzu inavyokaa, halafu narudi. Nilisimama nyuma ya tanuri, nikaona lile shimo la wafyatua matofali lililojaa maji ya mvua, yenye rangi ya chai ya maziwa, na nyinyi kumi na wawili mmepanga mstari mnaimba. Nilikutambua kabla sijauona uso. Mkono wa kushoto wa kanzu uliishia pale unapostahili kuishia, kwenye kifundo.

Ulipoingia majini nikaona unaitazama ile ncha ya mkono wa kanzu, ukaigusa, halafu ukageuka kutazama watu ukingoni, mmoja mmoja. Nikajificha. Nadhani hapo ulikuwa umeshajua nani ameshona.

Kisha mchungaji akasema maneno yake, yeye na yule mzee mwingine wakakushika, wakakulaza nyuma, na maji yakakufunika. Nilijua watakutoa. Nilikuwa nimeona wanane wakitolewa. Lakini ulipozama, Mwajuma, nilisahau kila nilichojua. Maji yalifunga pale ulipokuwa na sikuona hata weupe wa kanzu. Nikawa niko tena nje ya mlango wa chumba cha mama yako, nasubiri waniambie. Na yule mzee, alipokuwa anakuinua, akakushika bega la kushoto akavuta.

Nikapiga kelele. Sikuamua, ilitoka. Nilikuwa nimeshatoka nyuma ya tanuri, nimeingia majini mpaka magotini na viatu vyangu vya Ijumaa, na sauti yangu ikagongana na ya waimbaji wote. Watu wakageuka. Kwaya ikakatika. Uliibuka na macho yamejaa maji, ukaniona. Nami nikageuka nikakimbia kama mwizi wa kuku.

Mtaani habari ilifika kabla yangu. Kufika magharibi watu walikuwa wananisubiri barazani, wananishika mkono. Saidi ameingia majini kumtoa binti yake. Saidi mwanamume. Hata wale mafundi waliokuwa wakinichukia kwa kushona majoho walikuja. Mwanangu, nilipaswa kuwaambia siyo. Nilikaa pale nikanywa chai yao. Miaka yote walikuwa wananiona nusu Mwislamu, siku hiyo wakaniona mzima, na utamu wake ulinishinda. Ndiyo maana uliponiuliza mlangoni nilishika mkasi, kwa kuwa walikuwa wamenisindikiza mpaka dukani, wako nje wanasikiliza.

Na wewe hukukasirika, jambo ambalo limenishtua kuliko yote. Ulisubiri, ukasema taratibu, "Siku ile, Baba, uliniambia nijifute. Sikujifuta. Niliyaacha yakauke yenyewe, kwa sababu yule padri alinishika kama anaamini. Halafu nikakua nikajua alidanganywa. Nilitaka mara moja tu niingie majini bila mtu yeyote kudanganywa." Ukaenda kubadili nguo. Nimeyasikia maneno hayo kila nikikanyaga pedali ya cherehani. Miaka kumi na moja ulibeba maji niliyokuambia ni maji tu.

(Ila mimi ulinidanganya, na ile soksi bado naisubiri.)

Sasa sikiliza jibu. Sikuja kukuzuia. Sikupiga kelele dhidi ya mchungaji wako, wala dhidi ya Yesu wako, ambaye sisi nasi tunamheshimu kwa jina la Isa. Maneno niliyopiga kelele hayakusikika kwa sababu ya kwaya, na kila mtu ameyatia mdomoni mwangu anayoyataka. Nilisema, "Taratibu na bega hilo! Taratibu na bega hilo!" Basi. Ndiyo niliyotaka kumwambia mkunga miaka kumi na minane iliyopita, na sikuwepo chumbani.

Mimi nitakufa Mwislamu, na sitakudanganya kwamba moyo wangu umetulia. Haujatulia. Nikiswali nakutaja kwa jina nililokupa, na nitaendelea. Sielewi mtu anazaliwaje mara mbili. Lakini nilikuona ukiibuka, na bega lilikuwa lilelile, na kanzu ilikukaa. Hukuiacha ile ya kwanza chini ya maji kama nilivyoogopa. Ulitoka nayo. Mchungaji alisema mtu hawezi kujizaa, lazima ashikwe, na hilo peke yake ndilo ninaloliamini katika yote aliyosema, kwa sababu nimeona mikono inaweza kufanya nini ikishika vibaya. Huko uendako utakuwa wewe ndiye unayeshika. Sina la kukufundisha hapo.

Jumatatu kanzu, uliyoachiwa kwa kuwa haitamkaa mwingine kanisani, ilikuwa kambani. Shangazi yako hakutaka kuigusa, na mvua ilikuwa inakuja. Niliianua mimi, nikaipiga pasi. Iko ndani ya sanduku lako, chini ya sare. Ukifika, kabla hujaivaa tena au kuificha, geuza mkono wa kushoto kwa ndani utazame kwenye upindo. Pamba nyeupe haisahau sindano. Utaona mstari wa vitundu, pale nilipoanza kukunja ule mkono mrefu mara ya kwanza, na juu yake mshono wa mkono wangu. Usivipige pasi vikafa. Vitundu ni vyangu, mshono ni wa mama yako.

Kesho sanduku nitalibeba mimi. Shangazi anataka tupite njia ya nyuma kwa ajili ya watu. Hatutapita njia ya nyuma. Tutapita mbele ya msikiti, mbele ya baraza lile nililonywea chai, na wewe utakuwa upande wangu wa kulia, bega lako la kushoto likinigusa. Watasimama kunisalimu, na wataniuliza kama nimekutoa majini. Nitaweka sanduku chini, nitawaambia nilichopiga kelele.

Wako,
Baba